Loki Mbili: Shemeji Ndani ya Kioo

Ti-ti!

Hapo ndipo nilipowakatia utamu wiki iliyopita, na salamu zenu zote nimezipata, zikiwemo za matusi. Haya, sogeeni.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yako hivi. Ni Jumapili, jua liko utosini, geti la karakana limefungwa kwa ndani. Katikati ya uwanja, pasipo na hata kivuli cha kamba, limesimama gari la bluu. Ndani yake amekaa shemeji, mwuza vigae. Nje yake amesimama Mashoto, fundi umeme wa magari, mdogo wa kike wa marehemu mke wake. Rimoti iko kwa Mashoto.

Na gari hili ndilo lile lile. Miaka miwili iliyopita dada yake Mashoto, mshonaji wa sare za shule, alifia kwenye kiti chake cha mbele, juani, nje ya duka la vigae la mumewe. Milango yote ilikuwa imefungwa.

Kwa hiyo ti-ti ile haikuwa mlio wa kawaida.

Kitu kimoja tu kilimkera Mashoto. Alikuwa amebonyeza mara moja. Kidole gumba kilikuwa bado kinajipanga kubonyeza mara ya pili, na gari limeshalia mara mbili. Akadhani ni kiherehere cha kidole. Chuki ya miaka miwili inaweza kumtetemesha mtu mpaka kucha. Akakipuuza kile kitu.

Wewe usikipuuze.

"Tayari?" shemeji aliuliza kutoka ndani, bado anatabasamu. "Nitoke?"

"Bado, shem. Tulia hivyo hivyo. Ukitikisika, kipimo kinaharibika."

Akatulia! Jitu zima, mabega kama kabati, limetulia kama linapigwa picha ya pasipoti. Aliambiwa king'ora kinachojililia chenyewe hupimwa mtu akiwa ndani, akaamini. Aliambiwa aiache simu yake juu ya meza ya spana, eti mawimbi yake yanaichanganya rimoti, akaiacha. Ndiyo taabu ya kutojua kazi ya mwenzio. Fundi akikwambia kaa, unakaa.

Dakika tatu zikapita. Jasho la kwanza likamtoka kwenye paji la uso.

"Shemeji, humu kunachemka. Itachukua muda gani?"

"Dakika kumi tu," Mashoto akasema.

Tabasamu likamfia mdomoni. Maneno hayo aliyajua. Aliyasema yeye mwenyewe, siku ile, akiwa anafunga mlango huu huu. Dakika kumi tu, mke wangu, namwona mkandarasi narudi.

Akavuta mkono wa mlango. Ukaja wote bila kukamata kitu, ukarudi. Akavuta tena. Akarukia kiti cha pili, akavuta ule wa upande wa abiria. Vile vile.

"Shemeji! Mlango umegoma!"

"Haujagoma. Umetii."

Mafundi wanaiita loki mbili. Ukibonyeza rimoti mara moja, milango inafungwa kwa nje, lakini aliye ndani akivuta mkono anatoka zake. Ukibonyeza mara mbili haraka haraka, hata mikono ya ndani inakatwa mawasiliano. Iliwekwa ili mwizi akivunja kioo asiweze kuingiza mkono na kufungua. Aliyeibuni alimfikiria sana mwizi. Abiria hakumfikiria.

Shemeji akabonyeza honi. Kimya. Fyuzi ya honi ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli ya Mashoto. Akabonyeza swichi za vioo. Kimya, maana ufunguo ulikuwa nje. Akavua kiatu, akaanza kukipiga kioo cha mlango, du, du, du, kioo kinamtazama tu.

"Umesahau?" Mashoto akamuuliza. "Mwezi uliopita ulibandika utando wa plastiki vioo vyote, ukatutambia hapa kwamba hata nyundo haipiti. Endelea kupiga. Dada naye alipiga."

Akatoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya boneti, mbele ya macho ya shemeji. Kisigino. Kisigino cheusi cha kiatu cha kike, kimevunjika. Kilikutwa chini ya kiti siku ile, na Mashoto alikiweka miaka miwili kwenye kopo la skrubu, akikiona kila asubuhi kabla ya kuanza kazi.

Shemeji alikitazama, akaacha kupiga.

Mkuki kwa nguruwe, wasomaji. Mnaijua inavyomalizika.

Mashoto akatoa simu yake, akapiga, akaweka spika. "Mama, usiseme kitu. Sikiliza tu. Leo anasema ukweli."

"Nakusikiliza, mwanangu," sauti ya mama ikajibu.

Akaibana simu kwa waipa ya kioo cha mbele.

"Haya, shem. Mama yuko hewani. Mwambie siku ile ulibonyeza mara ngapi."

"Mara moja!"

"Mwongo."

"Haki ya Mungu, mara moja! Nimelisema polisi, nimelisema msibani, nalisema hapa. Mara moja!"

"Na mimi nilisimama mbele ya wazee nikasema: mimi ni fundi. Ukibonyeza mara moja, aliye ndani hafungiki. Kwa hiyo ulibonyeza mara mbili. Ulitaka asitoke."

"Kwa nini nitake asitoke? Tulikuwa tumegombana, ndiyo! Alitaka nimpeleke kwa mama kwanza, mimi nikasema kazi kwanza. Akaniambia, ukiniacha humu nitashuka niende kwa miguu. Nikamwambia, nenda! Mimi nilijua akitaka kutoka atatoka!"

"Ulikaa huko dukani muda gani?"

Akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Polisi uliwaambia nusu saa. Mlinzi wa duka la jirani aliniambia vingine. Muda gani, shem?"

"Fungua kwanza, nitasema."

"Sema kwanza, nitafungua."

Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alikuwa ameshavua koti, ameshafungua vifungo vyote, na sasa anahema kwa mdomo. Ndani ya gari lililofungwa, jua la mchana halimhurumii mwenye pesa wala mwenye mwili.

"Saa mbili," akasema.

"Na ngapi?"

"Na dakika ishirini."

Kwenye simu mama alitoa sauti ndogo. Mashoto hakugeuka.

"Alikupigia simu?"

Hapo shemeji akainamisha kichwa kwenye usukani. Simu ya dada ilikuwa imepotea msibani, watu wakaambiwa imeibiwa na waombolezaji. Eti mwombolezaji aache sufuria na viti aibe simu yenye ufa.

"Simu yake unayo wewe," Mashoto akasema. "Alikupigia mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na wewe?"

"Nilidhani anataka kuendeleza ugomvi. Mkandarasi alikuwa ananitazama. Nikaigeuza simu kifudifudi." Akaanza kulia, kilio kizito cha mwanamume asiyezoea. "Niliporudi, kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo. Nikajua amenuna, amelala. Nikamwambia, haya bibi, twende kwa mama yako. Nikawasha gari, nikaendesha mpaka kwenye taa za barabarani, naongea naye, shemeji. Naongea naye!"

Haya sasa. Mashoto alikuwa ameiahidi nafsi yake: akisema tu, namfungulia. Aaibike mbele ya mama, apelekwe polisi na sauti yake mwenyewe, basi. Kisasi cha mtu mstaarabu.

Amesema. Kidole gumba hakikwenda.

Alimwona dada yake akipiga kioo kwa kiatu, simu ikiita juu ya meza ya vigae, imelala kifudifudi. Kumi na moja! Akatazama saa yake. Dakika ishirini na mbili. Akavuta kigoda, akakaa kivulini ukutani.

"Shemeji! Nimesema! Fungua!"

"Dada alikaa saa mbili na dakika ishirini. Wewe hata nusu saa hujafika."

"Mwanangu," simu ikasema kwa wasiwasi, "mfungulie sasa. Tumeshasikia."

"Bado, mama."

Nisiwafiche, hata mimi ninayewasimulia ningekaa kwenye kigoda kile. Labda ningeagiza na maji ya baridi.

Lakini mtu anayekufa hatulii. Shemeji alipoona huruma imeisha, akageukia gari. Akaingiza vidole chini ya usukani, akang'oa kifuniko cha plastiki, pwaa! Akachomoa fungu la nyaya, nyekundu, nyeusi, kahawia, akazivuta kama anang'oa magugu. Kisanduku kidogo cheusi kikatoka nazo kikining'inia.

"Usivute!" Mashoto akasimama. "Utaharibu!"

"Nikate upi ufunguke? Wewe si fundi? Nikate upi?" Akaubandika mmoja kwenye kioo cha mlango, karibu kabisa na uso wa Mashoto. "Huu? Huu wenye tepu ya njano?"

Mashoto akautazama.

Akautazama tena, akasogeza uso karibu na kioo.

Kila fundi ana mkono wake. Katika karakana hii wote hufunga viungo vya nyaya kwa tepu nyeusi. Mmoja tu hutumia ya njano, ili aione hata penye giza chini ya dashibodi. Na wote husokota waya kuelekea kulia. Mmoja tu husokota kuelekea kushoto, mpaka bosi wake humtania kwamba anafunga waya kama anayefungua. Mnadhani jina la Mashoto lilitoka wapi?

Kiungo kile kilikuwa na tepu ya njano. Kilisokotwa kushoto.

Akakumbuka. Ilikuwa miaka mitano nyuma, gari likiwa jeupe, la daktari wa meno. Wezi walikuwa wamelivunja kioo mara tatu, wakaingiza mkono, wakafungua kwa ndani. Mara ya nne wakaliua na tundu la ufunguo. Daktari alikuja amechoka. "Mimi hizi habari za mara moja mara mbili nasahau. Nataka nikibonyeza mara moja, lifunge kila kitu." Mashoto, kijana wa kazi, kichwa kinachemka akili, akatafuta kisanduku, akaunga waya kwa tepu ya njano, na rimoti ikibonyezwa mara moja gari likaamini ni mara mbili. Ti-ti! Daktari akapiga makofi. Bosi akamwita kila fundi aje aone. Mwezi ule alifunga magari kumi na moja ya namna hiyo, na kila aliposikia ti-ti alijisikia mkubwa.

Hakuna aliyeuliza: na akiwa na mtu ndani?

Daktari aliliuza gari. Likapakwa bluu. Shemeji akalinunua, akamletea mkewe kama pambo, gari la kuegesha mbele ya nyumba majirani waone. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu hakuna aliyejua. Akabonyeza mara moja, kama mtu yeyote anavyobonyeza.

Mara moja. Miaka miwili anaapa mara moja, na fundi mzima anasimama mbele ya wazee kumwita mwongo.

Mashoto akatazama kidole gumba chake mwenyewe. Leo nacho kilibonyeza mara moja.

Maumivu yaliyompata hayakuwa na mahali pa kuyapeleka. Mtu aliyekuwa akimwinda kwa miaka miwili alikuwa anavaa ovaroli yake kila asubuhi.

"Mbona umebadilika uso?" shemeji akauliza. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka, lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Uso wa mtu anausoma hata akiwa anakufa. "Kwani unaujua huu waya?"

"Uache. Uachie. Nakufungulia."

"Sasa hivi unanifungulia? Sasa hivi?" Akaurudisha waya karibu na macho yake. Akaugeuza geuza. Halafu akaigusa ile tepu kwa kidole.

Nyumbani kwake kuna pasi ya umeme. Waya wake ulikatika zamani, ukaungwa kwa tepu ya njano, ukasokotwa kinyume. Kila alipopiga pasi sare za watoto wa watu, marehemu alikuwa akiigusa tepu ile na kucheka: "Hii sahihi ya mdogo wangu. Hata benki wangeikubali."

"Ni wewe," shemeji akasema.

Mashoto akabonyeza rimoti kufungua. Kimya.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Hakuna taa, hakuna mlio. Kisanduku kilikuwa kinaning'inia kwenye mapaja ya shemeji, kimeng'olewa nyaya zake zote, na loki zilikuwa zimeng'ang'ania pale zilipoachwa.

Akachomeka ufunguo mlangoni. Ukazunguka bure kama kijiko ndani ya kikombe. Tundu lile liliuawa na wezi wa daktari wa meno.

"Ni wewe!" Sasa shemeji alikuwa anacheka, kicheko kibaya, mate yanarukia kioo. "Miaka miwili watoto wa ndugu zangu wananiita muuaji! Nimekatazwa kukanyaga kaburi la mke wangu! Mama! Mama, bado uko hapo?"

"Nipo," simu ikajibu.

"Nyamaza, shem! Tunza pumzi!" Mashoto alikuwa ameshakimbilia meza ya spana, amerudi na nyundo. "Rudi nyuma! Funika uso!"

Akapiga. Kioo kikapasuka chote, nyufa elfu, na hakikuanguka. Utando ukakishika. Nyundo ikarudi ikamkwaruza bega. Akapiga tena, pale pale. Nyufa zikaongezeka, uso wa shemeji ukapotea nyuma yake, ikabaki sauti tu.

"Mama! Muulize binti yako! Tepu ya njano ni ya nani! Muulize nani alifunga hiki kidude!"

"Rudi nyuma, nimesema!"

Alipiga akiwa analia. Alipiga kioo kile kama alivyotamani mtu akipige siku ile, mpita njia yeyote, mlinzi yeyote, mwenye jiwe tu. Tundu dogo likatoboka, la kupitisha vidole viwili. Akaingiza vidole, akavuta utando, ukamkata, haukuchanika. Hewa ya moto ikamtokea usoni kutoka ndani kama amefunua sufuria.

"Shem, leta mdomo hapa! Vuta hewa hapa kwenye tundu!"

Kilichokuja tunduni haukuwa mdomo. Zilikuwa ncha mbili za vidole, zikisukuma kitu kidogo nje. Kikaanguka chini miguuni pake. Kipande cha waya, kimefungwa tepu ya njano.

"Shika," sauti ilisema, nyembamba sasa, haina hasira tena. "Kilikuwa chako."

Kisha kitu kizito kikateleza upande wa pili wa kioo, polepole, kikaelekea chini.

"Shem? Shem!"

Jua lilikuwa kali, uwanja mtupu, geti limefungwa kwa ndani na funguo alikuwa nazo yeye. Mashoto akainua nyundo.

"Mashoto." Ilikuwa sauti ya mama, kwenye waipa, juu kidogo ya kile kisigino. Mama hakuwa analia. Aliongea kama anayesoma jina kwenye karatasi. "Mwanangu. Lile gari liliwahi kupita mikononi mwako?"

Ndani ya gari, sauti ilikuwa imekoma.